MSAFIRI WETU: Lisbon, Mji wa Vilima na Ngazi Sitini na Nane

Wale waliozoea safu hii watakumbuka kwamba kila mwaka humpa msafiri mmoja nafasi ya kusimulia alikokwenda, ili anayefuata asijikwae palepale. Safari hii zamu imeniangukia mimi, nami nitawasimulia habari za Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tulikokwenda na Mama mwezi wa Mei mwaka 2024.

Kwanza niseme kwa nini tulikwenda, maana hatukwenda kutalii. Mama yangu ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Mdogo wake, yaani Mama Mdogo, aliolewa mwaka 1966 na kijana wa Mocímboa da Praia, huko kaskazini ya Msumbiji, aliyekuwa amekimbilia Mtwara wakati wa vita vya kupigania uhuru. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 wakarudi kwao. Mara ya mwisho Mama na mdogo wake kuonana ilikuwa 1979, siku ya arobaini ya bibi yetu. Baada ya hapo kila mmoja akachukuliwa na dunia yake: Mama akaja Dar es Salaam, halafu Minnesota, Mama Mdogo akabaki pwani ya Msumbiji mpaka machafuko yaliyoanza Oktoba 2017 yakamkuta. Agosti 2020, mji wa Mocímboa da Praia ulipotekwa, alikuwa amekwisha kimbilia Pemba. Pemba hii, ndugu msomaji, ni ule mji wa Msumbiji, si kisiwa chetu cha karafuu. Mwanawe wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi Lisbon, akafanikiwa kumchukua akae naye.

Basi tulipopiga hesabu, tukaona dada wawili hawa hawajatiana machoni kwa miaka 45. Mmoja ana miaka 81, mwingine 76. Mama akasema neno moja tu: "Nikateni tikiti."

Maandalizi

Jambo la kwanza ni karatasi. Mwenye pasipoti ya Marekani huingia Ureno kutembea bila viza, mradi asizidishe siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini mwenye kadi ya kijani tu, pasipoti yake ikiwa ya Kenya au Tanzania, hana budi kuomba viza kabla ya kuondoka. Kadi ya kijani ni ruhusa ya kurudi kwetu Maplewood. Haimfungulii mtu mlango wa Ulaya. Nawajua watu waliogundua jambo hili uwanjani, mabegi yakiwa tayari kwenye mizani.

Jambo la pili ni magoti. Hapa kwetu kilima kikubwa tunachokijua ni ile theluji inayorundikwa na greda kwenye pembe ya maegesho. Majira yote ya baridi Mama alifanya mazoezi kwa kuzunguka ndani ya Maplewood Mall, raundi tatu kila asubuhi, mkongojo mkononi. Sote tukampongeza. Hakuna aliyekumbuka kwamba sakafu ya dukani ni bapa kama meza, na Lisbon ni mji ambao watu wake wenyewe huusema kuwa umejengwa juu ya vilima saba. Mimi nilipohesabu nilipoteza hesabu. Anayesafiri na mzee na amzoeze ngazi. Zile za kuteremkia chini ya nyumba zinatosha kabisa, akipanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa muda wa miezi miwili.

Jambo la tatu ni viatu. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa nakshi nzuri sana, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Chukua viatu vya soli ya mpira. Vile vya harusini viache nyumbani.

Kufika

Kutoka uwanja wa ndege si lazima kupanda teksi. Treni ya chini ya ardhi, njia nyekundu, huanzia palepale uwanjani. Ukifika kituo cha Alameda unahamia njia ya kijani, nayo itakufikisha Martim Moniz na Rossio, katikati ya mji. Nunua kadi yao ya usafiri na uitilie pesa za saa 24. Kadi hiyo moja hutumika kwenye treni, mabasi na tramu. Kila abiria awe na kadi yake.

Sasa nitaje kosa langu, ili mnicheke na mjifunze. Mdogo wangu alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba wanakaa ghorofa ya tatu, mtaa wa Mouraria, jengo la kale, halina lifti. Nikasema moyoni, ghorofa ya tatu si neno. Kumbe miaka ya Marekani imenisahaulisha hesabu niliyofundishwa utotoni! Ureno huhesabu kama kwetu Afrika Mashariki: ya chini ni ya chini, haina namba. Ghorofa yao ya tatu ndiyo hapa Maplewood tunayoiita ya nne. Zilikuwa ngazi 68, nyembamba, za mbao zilizolika katikati, na zinapinda kila baada ya kumi na kitu. Kabla hujalipia chumba Lisbon, uliza maswali mawili: ghorofa ya ngapi kwa hesabu yao, na je, lifti ipo? Usiulize kama kuna mandhari nzuri. Mandhari ipo kila mahali.

Tulifika jioni na mvua. Mama alikuwa amechoka hata kusimama ni kazi, na Mama Mdogo alikuwa na maumivu ya nyonga, hajashuka chini tangu Ramadhani. Mmoja hawezi kupanda, mwingine hawezi kushuka! Tukasimama barabarani na mwavuli. Dirisha la juu likafunguliwa, na kichwa chenye mtandio kikatokeza. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha tukaona kikapu kinateremshwa kwa kamba, kama wafanyavyo wazee wa mitaa ile wanapotaka kununua mkate bila ya kushuka. Ndani yake mlikuwa na chupa ya chai na maandazi yaliyofungwa kwenye leso. Mama akayapokea, akaibusu leso, tukaenda hotelini.

Asubuhi yake Mama alikataa katakata kubebwa. Mdogo wangu akabuni njia. Alichukua kigoda cha jikoni, akawa anapanda nacho nyuma ya Mama. Kila anapochoka anakaa, anavuta uradi wake, anainuka tena. Tulitumia karibu saa nzima. Mlango ulikuwa wazi. Mama Mdogo alikuwa amesimama ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda?"

Basi. Yaliyofuata si ya kuandikwa katika kitabu cha mwaka.

Kupanda bila kupanda

Kwa kuwa tulikaa siku kumi, nilijifunza njia za kupanda vilima bila kuumiza magoti, nazo nawaachia.

Kutoka Baixa, yaani mji wa chini ulio tambarare, kwenda upande wa ngome ya São Jorge, kuna lifti mbili za bure. Ya kwanza imo ndani ya jengo katika mtaa wa Rua dos Fanqueiros. Inakutoa Rua da Madalena. Vuka, tembea kidogo mpaka soko la zamani la Chão do Loureiro ambalo sasa lina duka la vyakula, na ndani yake mna lifti ya pili inayokuweka karibu na ngome. Wageni wengi hupita na jasho mbele ya mlango wake bila kujua. Kadhalika, kwenda Chiado, ingia kituo cha treni cha Baixa-Chiado upande wa chini. Ngazi za umeme ndefu zitakupandisha mpaka juu. Na pale Martim Moniz zipo ngazi za umeme za nje, kando ya vidaraja vya Escadinhas da Saúde.

Viko pia vile vigari vinavyopanda mlima kwa reli. Cha Lavra kilianza 1884, cha Glória 1885, cha Bica 1892. Kile cha Graça ni kipya. Kilifunguliwa Machi 2024, miezi miwili kabla hatujafika, na Mama alikipenda mno. Lakini sina budi kusema kwamba tarehe 3 Septemba 2025 kigari cha Glória kiliacha reli kikaanguka, watu 16 wakafariki. Mungu awarehemu. Baada ya hapo vigari vya mji vilisimamishwa vikaguliwe. Kwa hiyo usipange safari yako kwa kuvitegemea. Ukifika uliza kipi kinafanya kazi.

Tramu ya manjano namba 28, itokayo Martim Moniz na kupenya vichochoro vya Graça, Alfama na Chiado, ndiyo inayopigwa picha na kila mtu. Ipande asubuhi mapema ukitaka mzee apate kiti. Ikishajaa, wezi wa mifukoni nao huwamo; mkoba uwe mbele, si mgongoni.

Mji unaozungumza maneno yetu

Siku ya pili nilimpeleka Mama mgahawani, akamsikia mhudumu akisema neno la meza: *mesa*. Mama akageuka kama aliyeitwa. Tangu hapo ikawa mchezo wake na Mama Mdogo, ambaye Kireno alikizoea Msumbiji. Bendera ni *bandeira*. Leso ni *lenço*. Kopo linatokana na *copo*, mvinyo na *vinho*, karata na *cartas*, parafujo na *parafuso*. Na kanisa ni *igreja*, ndilo lililotupa sisi neno gereza! Wenzetu wa Mombasa hawatashangaa: Ngome ya Yesu, waliyoijenga Wareno kuanzia 1593, watu waliita Gereza, na Waingereza wakaifanya jela mwaka 1895. Nasi tuliwapa chetu: kuku wao wa kuchoma anayewasha huitwa wa *piri-piri*, na hilo halihitaji mkalimani.

Chini ya Kireno kuna Kiarabu, maana Waislamu waliutawala mji ule kwa karne nne na zaidi mpaka 1147. *Oxalá*, wanaposema "Mungu akipenda", ni ndugu wa inshallah yetu. Jina la Alfama latokana na neno la Kiarabu la chemchemi za maji ya moto. Mouraria, alipokuwa akikaa Mama Mdogo, ndipo Waislamu walipotengewa wakae baada ya kushindwa. Leo mtaa huo umejaa Wabangladeshi na Wapakistani, na nyama ya halali hupatikana hasa katika Rua do Benformoso. Msikiti mkuu ulio karibu na Praça de Espanha ulifunguliwa 1985, na miongoni mwa walioanzisha jumuiya yake walikuwamo wanafunzi waliotoka Msumbiji. Ijumaa tulisali huko, na nje ya mlango Kimwani kikajibu salamu ya Kiswahili.

Ukitamani kuona Waafrika wenzako, nenda Largo de São Domingos, jirani na Rossio, ambapo watu wa Guinea-Bissau na kwingineko hukaa kuzungumza na kuuza vitu vidogo vidogo.

Mgahawani, jihadhari na jambo moja. Watakuletea mkate, zeituni na jibini hujaagiza. Si takrima, ukila utalipa. Usipotaka, sema hapana kwa adabu, wataondoa bila ugomvi. Chakula cha mchana kilichoandikwa ubaoni, *prato do dia*, ndicho cha bei nafuu na cha kushibisha. Na vile vikeki vya maziwa na mayai vinavyosifika, ambavyo duka moja la Belém linavioka tangu 1837, ni vitamu kweli. Asiyekula mafuta ya nguruwe aulize kwanza, kwa kuwa kila duka lina mapishi yake.

Dhahabu ya kwetu

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mama alilitaka kuliko yote baada ya mdogo wake.

Shuleni Kivinje alifundishwa kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za mizinga, akamlazimisha mtawala wa pale kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu yenyewe ilitoka bara, ikapitia Sofala, na biashara yake ndiyo iliyoijenga Kilwa Kisiwani, msikiti wake mkuu na kasri la Husuni Kubwa. Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Francisco de Almeida akaiteka Kilwa na kuipora, na Agosti ikafuata Mombasa. Hayo tunayajua. Yasiyojulikana na wengi ni kwamba ile dhahabu ya kodi ipo mpaka leo, na inaonekana kwa macho.

Imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Rua das Janelas Verdes. Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea mkate mtakatifu. Kazi ilimalizika 1506, na fundi wake husemwa kuwa ni Gil Vicente. Mfalme aliiachia nyumba ya watawa ya Jerónimos iliyoko Belém. Urefu wake haufiki mita moja, lakini nakshi zake ni kama lasi: mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka, kila mmoja kwa rangi yake.

Mama alikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimsomee maandishi yaliyo chini. Kireno changu ni cha kubahatisha, lakini neno moja halikuhitaji mtafsiri: QUILOA. Kilwa. Maandishi yenyewe yanasema kwamba chombo kilifanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Nilitazamia atakasirika. Binti yangu, mzaliwa wa Maplewood, alikuwa amekwisha kasirika kwa niaba yetu sote na akauliza kwa nini haturudishiwi. Swali lake ni la haki, na sikuwa na jibu la kumtosheleza. Mama akasema, "Angalau mwizi kaandika jina la mwenye mali." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Nipeleke nikamwambie mdogo wangu." Yaani ngazi 68 kwa mara ya pili siku ileile. Kigoda kikapanda nyuma.

Anayetaka kwenda azingatie: Jumatatu makumbusho hayo hufungwa, na kwa sababu ya matengenezo yanayofanywa mara kwa mara ni bora kuulizia kabla. Kwenda Belém panda tramu namba 15. Ndani ya kanisa la Jerónimos ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama mwenyewe, aliyefia Cochin, Bara Hindi, mwaka 1524. Karibu na mto, mbele ya mnara wa mabaharia wa 1960, kuna ramani kubwa ya dunia iliyochorwa sakafuni kwa mawe. Binti yangu aliitafuta pwani yetu, akaikanyaga, akamwita bibi yake aje asimame naye hapo. Hiyo ndiyo picha mnayoiona juu ya televisheni yetu.

Mwisho wa safari

Siku ya kuondoka hapakuwa na vilio vikubwa. Mama Mdogo aliteremsha kikapu tena, safari hii mna pilipili kavu na kanga moja kuukuu ambayo Mama alimpa Kivinje mwaka 1979.

Tuliporudi, niliwaeleza baadhi yenu kuhusu ngazi zile, na kwamba mwanamke wa miaka 76 alikuwa mfungwa wa nyonga yake. Sikuomba kitu. Familia za hapa zilichanga zenyewe, moja baada ya nyingine, wengine wakiwa hawamjui hata kwa picha. Nyumba Lisbon zimekuwa ghali mno, lakini kwa mchango huo na mshahara wa mdogo wangu waliweza kuhamia Odivelas, nje kidogo ya mji, katika jengo lenye lifti. Mama Mdogo amenituma niwaambie asante, na kwamba siku ya kwanza alipanda na kushuka na lifti ile mara nne bila ya kuwa na pa kwenda.

Daktari amemkataza Mama safari ndefu. Sasa wanazungumza kila Jumapili kwa simu ya picha, na hugombana kuhusu nani aliyevunja mtungi wa bibi. Wenye wazee waliotengana na ndugu zao, ushauri wangu wa mwisho hauhusu tramu wala viatu. Miaka 45 ni mingi. Kateni tikiti wakati magoti bado yanakubali.

Hadi mwaka ujao inshallah, atakapowasimulia msafiri mwingine.